Mshono wa Siku ya Pili si Mshono wa Siku ya Kumi

Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji mwezi wa saba, majira ambayo upepo wa Dodoma unaanza asubuhi na vumbi linaingia mpaka ndani ya kabati. Alipopewa ruhusa nilimchukua akae kwangu Nkuhungu. Siku ya nne tangu apasuliwe, nilirudi kazini jioni nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga imelegea kiunoni, ndoo ya maji ya kuoga imepoa mbele yake.

"Dada, nioge au nisioge?"

Alikuwa amekaa hivyo tangu saa tisa. Mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Mvumi na kuku wawili na karanga za kutosha, alimwambia kidonda hakipendi maji, asubiri nyuzi zitoke. Jirani alisisitiza akandwe kwa maji ya moto ili damu chafu ishuke. Kijana wa duka la dawa alimuuzia chupa ya spiriti apake asubuhi, mchana na jioni. Na karatasi ya ruhusa ilikuwa na mstari mmoja tu: weka kidonda kikiwa safi na kikavu. Sasa mtu anasafishaje kitu ambacho hakitakiwi kuguswa na maji?

Mimi ni muuguzi, na mstari ule nimeuandika kwa mkono wangu mara nyingi. Asubuhi wodini kuna wagonjwa kumi wa kuruhusiwa, ndugu wamesimama mlangoni, bajaji inasubiri nje, na maelezo yanaishia kwenye dakika mbili. Jioni ile ndipo nilipoona dakika mbili hizo zinavyomfika mgonjwa akiwa nyumbani.

Nilipoupitia ushauri wote aliopewa, niligundua kwamba sehemu kubwa ina ukweli wake mahali fulani. Kinachovuruga ni kwamba maneno ya kidonda cha aina moja yanapelekwa kwa kidonda cha aina nyingine, na maneno ya siku ya kwanza yanarudiwa siku ya nne. Kwa hiyo kabla hujasikiliza ushauri wowote, jiulize mambo mawili. Hiki ni kidonda kilichofungwa, yaani kingo zake zimeshonwa zikagusana, au ni kidonda kilicho wazi? Na leo ni siku ya ngapi?

Kinachoendelea chini ya bandeji

Daktari akimaliza kushona, kingo mbili za ngozi zinakuwa zimekutana. Damu kidogo inaganda katikati yake kama gundi, kisha seli za juu ya ngozi zinaanza kutambaa kutoka kila upande. Ndani ya saa 24 hadi 48 zinakuwa zimeshikana. Utando huo ni mwembamba mno, lakini unatosha kuwazuia bakteria wa nje wasipenye. Ndiyo maana bandeji ya chumba cha upasuaji huachwa bila kuguswa kwa takribani siku mbili za mwanzo, isipokuwa imelowa au daktari ametaka kuangalia. Ukiifunua saa kumi na mbili baada ya upasuaji ili shangazi aone, unaufungua mlango ambao haujapata komeo.

Siku hizo hizo mwili unapeleka damu nyingi na chembe nyeupe za kusafisha uchafu. Pembeni mwa mshono panavimba kidogo, panapata joto kidogo, panauma. Huo si ugonjwa. Ni kazi inayofanyika, na inapaswa kupungua kila siku.

Kuanzia siku ya tatu au ya nne hadi wiki ya tatu hivi, mwili unajenga. Unatengeneza nyuzi zake wenyewe za protini ziitwazo kolajeni na kuzipanga katikati ya kingo. Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya, kwa sababu juu panaonekana pamefunga vizuri, maumivu yamepungua, na mgonjwa anajiona mzima. Lakini mwisho wa wiki ya kwanza sehemu ile haijafikia hata moja ya kumi ya nguvu ya ngozi ambayo haijawahi kukatwa. Wiki ya tatu inakaribia theluthi. Miezi mitatu ikitimia inafika kama asilimia 80, na inaishia hapo. Kovu halitapata tena nguvu yote ya mwanzo.

Halafu ngozi ndiyo inayoonekana tu. Tumboni, chini yake kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna utando mgumu mweupe. Anayenunua nyama buchani anaujua utando wa namna hiyo, ule unaong'aa juu ya mnofu ambao kisu butu hakiupenyi. Huo ndio unaoshikilia tumbo lisitoke nje, na unapona polepole kuliko ngozi. Wiki za mwanzo unashikwa zaidi na uzi wa daktari kuliko na nguvu zake wenyewe. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Katika mitaa ambayo maji yanatoka kwa zamu, mwanamke aliyepasuliwa siku kumi zilizopita anasikia bomba limefunguliwa saa nane usiku, anaamka kuchota, kwa sababu yasipochotwa sasa hayapo tena mpaka kesho kutwa. Ukitaka kumsaidia mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo, mchotee maji. Kwa wiki sita hivi, au kadiri daktari wake alivyosema, asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake mchanga.

Akitaka kukohoa au kupiga chafya, abane mto juu ya mshono kwa mikono miwili. Akitaka kuamka, asijinyanyue moja kwa moja kama anayeketi: ajigeuze ubavu kwanza, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa mkono. Na atembee. Kulala tu siku nzima kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hata kama mama zetu wanaona kutembea ni ukatili.

Maji, spiriti na neno "kukauka"

Nilimwambia mdogo wangu aoge. Zile siku mbili za mwanzo zilikuwa zimepita, mshono umefungwa, hautoi kitu. Nikapasha maji upya, akasimama, nikamwagia kwa kopo kutoka mabegani. Maji ya sabuni yakapita juu ya mshono yenyewe, bila kusugua, kisha maji safi yakafuata. Nikamkausha kwa kugandamiza kitambaa laini, kile nilichokifua, nikakianika juani na kukipiga pasi kwa ajili ya kazi hiyo peke yake. Mshono wake ulikuwa chini ya tumbo, penye mkunjo, mahali ambapo jasho linakaa. Nikamlaza chali dakika kumi hivi, mkunjo ukapata hewa, kisha nikaweka kipande cha gozi kavu, kile kitambaa chepesi cha hospitali cha kufunikia vidonda.

Maji yanayopita hayana shida. Shida ni kuloweka. Kukaa ndani ya beseni, kuogelea au kuingia lambo kunalainisha utando mpya na kuuachia uchafu muda wa kuingia. Maji ya kisima au ya lambo yachemshwe kwanza na yapoe. Na kopo liwe na mpini, kwa sababu maji yaliyotoka bombani yakiwa safi huchafuliwa na vidole vinavyozama kwenye ndoo kila mtu anapochota.

Kukanda tumbo lenye mshono kwa maji ya moto ni jambo jingine kabisa, nami sitaki kulisema kwa upole. Eneo la mshono mara nyingi limekufa ganzi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu imekatwa. Mtu anaweza kuungua asisikie. Na kule kukandamiza kunavuta kingo ambazo bado hazijakaza.

Spiriti niliichukua nikaiweka kabatini. Inaua bakteria, ndiyo, lakini inaziunguza pia zile seli changa zinazotambaa kufunga kidonda. Peroksaidi inayotoa povu inafanya hivyo hivyo, na watu wanaipenda kwa sababu ya povu lenyewe. GV nayo, ile dawa ya zambarau, inapaka rangi mahali ambapo tunahitaji kuona rangi: mgonjwa akija kliniki tumbo limekuwa zambarau lote, daktari hawezi kujua kama ngozi imebadilika. Unga wa vidonge vya rangi mbili, vile vya antibayotiki, unaofunguliwa na kunyunyizwa kwenye kidonda unaganda kama ukoko, usaha unabaki chini yake, na bakteria wanapata nafasi ya kuizoea dawa. Majivu na kinyesi cha ng'ombe vinaweza kuleta pepopunda. Mshono uliofungwa vizuri hauhitaji kupakwa kitu chochote.

Nadhani lugha yetu imechangia. Sisi kwa Kiswahili tunasema kidonda kimekauka tukiwa na maana kwamba kimepona. Kwa hiyo mtu anaona kukausha ndiyo kuponya: anakianika, anakipulizia, anakipaka kila kinachonyonya maji. Mwaka 1962 mtafiti George Winter huko Uingereza alichukua nguruwe wenye michubuko ya juu ya ngozi, mingine akaiacha wazi ikauke, mingine akaifunika kwa karatasi laini ya plastiki ibaki na unyevu wake. Iliyofunikwa iliota ngozi mpya mapema zaidi. Seli zinatambaa kirahisi penye unyevu. Penye ukoko mkavu zinalazimika kuchimba njia chini yake.

Hapa ndipo aina mbili za vidonda zinapoachana. Kwa mshono uliofungwa, kavu maana yake ni kwamba juu yake hapana jasho wala bandeji iliyolowa. Kwa kidonda kilicho wazi, ndani kunatakiwa kubaki na unyevu kiasi, na kukikausha ni kukichelewesha.

Je, kifunikwe au kiachwe? Baada ya siku mbili mshono mkavu unaweza kuachwa wazi ndani ya nyumba. Lakini mwezi wa saba na wa nane hapa kwetu, na safari ya bodaboda kutoka Bahi au Chamwino mbele yako, ufunike kwa gozi nyepesi na plasta. Usiweke pamba moja kwa moja, nyuzi zake zinanata. Na wageni wanaokuja kumwona mgonjwa waonyeshwe mtoto.

Wekundu ambao kwenye ngozi yetu hauonekani

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2016 lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi ya kidonda, na kwamba Afrika hadi mwanamke 1 kati ya 5 wanaojifungua kwa upasuaji anaweza kuyapata. Mengi yanajitokeza mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani, mara nyingi kati ya siku ya tano na ya kumi. Kwa maneno mengine, macho ya kuyaona ni ya mama mkwe, ya mume, ya dada. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hauoni mshono wake.

Vipeperushi vinasema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeupe ni sawa. Kwenye ngozi yetu wekundu unaweza usionekane kabisa. Utakachokiona ni ngozi iliyokuwa ya kawaida jana ikawa nyeusi zaidi au ya kizambarau leo, imevutika, inang'aa kama imepakwa mafuta. Kwa hiyo tumia mkono. Nawa kwa sabuni, kisha weka mgongo wa vidole sentimita chache kutoka kwenye mshono, halafu upande wa pili wa tumbo, ulinganishe joto. Gusa taratibu uone kama pamekuwa pagumu kama ubao. Mimi nilikuwa nachukua kalamu ya wino, nachora mstari mwembamba pale ugumu unapoishia. Kesho ukikuta ugumu umeuvuka mstari, usisubiri kesho kutwa.

Maumivu nayo yana mwelekeo. Yanatakiwa kushuka. Yaliyoshuka siku tatu kisha yakapanda yanakuambia kitu. Muwasho wa wiki ya pili, ganzi, na uvimbe mwembamba kama kamba chini ya mshono kwa kawaida ni dalili za kupona. Majimaji machache mepesi ya manjano hafifu siku za mwanzo hayatishi. Usaha mzito, harufu mbaya, homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, mgonjwa kuacha kula: hospitali, siku hiyo hiyo. Na yako maambukizi machache ya hatari ambayo hayangoji siku ya tano. Maumivu makali kupita kiasi ndani ya siku mbili za mwanzo, ngozi inabadilika rangi ukiwa unaangalia, malengelenge, mgonjwa anadhoofika haraka. Hapo hata usiku tafuta usafiri.

Watu wengi wanataka antibayotiki za siku saba "za kukinga". Mwongozo ule ule wa 2016 unasema kinga yenye maana ni dozi inayotolewa kabla ya kisu kupita, ndani ya dakika 120, na kuiendeleza baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu hakushauriwi. Daktari akikuandikia kwa sababu ameona maambukizi, hiyo ni tiba, imeze mpaka iishe. Za kununua mwenyewe dukani, acha.

Mshono ukiachia

Wakati mwingine sehemu ya ngozi inaachia, sentimita mbili au tatu, au daktari mwenyewe anaifungua ili usaha utoke. Familia inaogopa, inaona kazi yote imeharibika. Kumbe kuanzia siku hiyo mnacho kidonda cha aina ya pili, na sheria zinabadilika. Kinatakiwa kujaa kutoka chini kuja juu. Kikifungwa juu mapema, shimo linabaki ndani na usaha unarudi. Ndiyo sababu muuguzi anaweka gozi yenye unyevu ndani yake, anaibadilisha, na hana haraka ya kukishona. Maji ya chumvi anayotumia yana gramu 9 za chumvi kwa lita moja, kiasi kinachokaribiana na cha mwili, kwa hiyo hayachomi. Kuongeza chumvi "ili yaue zaidi" kunaunguza nyama changa. Ndani ukiona rangi nyekundu mbichi yenye chembechembe kama nyama ya komamanga, furahi. Hiyo ndiyo nyama inayoota. Inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kuachia kwa ule utando mgumu wa ndani ni dharura. Mara nyingi hutangulia dalili moja, kati ya siku ya tano na ya nane hivi: mshono uliokuwa mkavu ghafla unamwaga maji mengi ya rangi ya waridi, na mgonjwa anasema amesikia kitu kikiachia. Ikitokea utumbo ukaonekana, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya hospitali, au maji yaliyochemshwa yakapoa, mlaze chali magoti yamekunjwa, asile wala asinywe, na mwende hospitali yenye chumba cha upasuaji moja kwa moja, msipite zahanati.

Chakula

Mama mkwe alikuwa amemkataza mayai na maharage, kwamba vinatunga usaha. Hili nililizungumza naye kwa heshima, usiku, tukiwa tunabangua karanga. Kolajeni inajengwa kwa protini, na protini yetu ya bei nafuu ndiyo hiyo: maharage, kunde, mayai, dagaa, maziwa, na hizo karanga alizotuletea, ambazo zikitwangwa zikaingia kwenye mlenda zinafaa kabisa. Mlenda wenyewe pamoja na maji ya kutosha unasaidia choo kuwa laini, na asiyejikamua chooni anaupumzisha mshono.

Kisha nikamweleza habari ya daktari mpasuaji wa Marekani, John Crandon. Mwaka 1939 aliamua kula kwa miezi sita chakula kisicho na vitamini C kabisa. Mwezi wa tatu wakamchana mgongoni kwa makusudi, kidonda kikapona vizuri. Mwezi wa sita wakamchana tena: juu kikafunga, ndani hakikushikana hata kidogo. Alipopewa vitamini C kikapona. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kuisuka kolajeni ikakaza. Na sisi tunakaa katikati ya mibuyu. Ubuyu una vitamini C nyingi, unauzwa sokoni Majengo kwa bei ambayo karibu kila mtu anaimudu. Ukorogwe kwenye maji yaliyopoa, usichemshwe, na sukari isizidi.

Mwenye kisukari aiangalie sukari yake kwa karibu kuliko wakati wowote, kwa sababu ikipanda chembe za kinga zinazubaa. Mvuta sigara aache, inabana mishipa midogo inayopeleka hewa kwenye mshono.

Nyuzi zina siku zake: usoni 3 hadi 5, kichwani na tumboni 7 hadi 10, miguuni na kwenye maungio 10 hadi 14. Nyingine zinayeyuka zenyewe, kwa hiyo uliza kabla ya kuondoka ni za aina gani. Usizikate nyumbani kwa wembe, na usizipitishe siku zake, maana kila tundu la uzi ni njia ya bakteria. Baada ya hapo kovu linaendelea kujipanga kwa mwaka mzima au zaidi, na jua la kwetu linalitia weusi, kwa hiyo lifunike. Likinyanyuka lakini likabaki ndani ya mstari wake, mara nyingi linashuka lenyewe. Likivuka mstari na kuingia kwenye ngozi nzima, hiyo ni keloidi. Mwone daktari wa ngozi, na usikubali likatwe tu bila tiba nyingine, kwani hurudi, mara nyingi kubwa zaidi.

Mdogo wangu alitolewa nyuzi siku ya nane. Mama mkwe alibaki. Alichukua kalenda ya ukutani, akawa anakata kila siku kwa mkaa. Wiki ya sita ilipokaribia, maji yakafunguliwa alfajiri, mdogo wangu akaamka akashika mpini wa ndoo. Nikasikia sauti kutoka uani:

"Iache hiyo, mwanangu. Bado siku nne."